Ubao Ule Odile Alipangusa Nusu

Odile alikuwaka na mwandiko muzuri. Njo ile mwandiko ilileta shida yote, maana kama angeandika ovyo, Isidore hangemupa kazi, na Sharifa angekuwa na bwana yake mupaka leo. Lakini masista walimufundisha kule Tunda mupaka mwaka wa sita, herufi moja moja, zimesimama wima kama wasoda mbele ya komanda. Alifika Kindu na ile mwandiko, sahani mbili, na bwana wa kulewa. Bwana alikufa mapema. Sahani moja ilipasuka. Mwandiko ilibaki.

Wakati wa vita, Isidore alikuwa na duka karibu na gare ya treni. Alikuwa mufanyabiashara wa kutoka Butembo, mutu wa kanisa, mwenye kusali mbele ya kula na kuhesabu kisha kula. Alikuwa pia na foni, ile redio ya kusemea mbali, waya yake imefungwa juu ya mianzi mbili, inakula batri ya gari. Treni ilikuwa imekatika. Mashua hazikupanda wala kushuka. Barabara walibaki nayo wenye bunduki na watu ya kinga, ile baiskeli ya kubeba muzigo, wenye moyo ngumu. Kwa hiyo Kindu nzima ilikuja kulia ku mulango wa Isidore: nani ameniita? Kalima wanasema nini? Lubutu iko namna gani?

Odile njo alikuwa anasikiliza, anaandika. Lakini aandike juu ya nini? Karatasi ilikuwa imekwisha mu muji. Daftari ya mwisho Isidore aliiuzisha ku wakubwa wa bunduki. Basi akatosha mulango ya kabati, akaipaka weusi ya ndani ya mabatri ya zamani iliyotwangwa na majani, akaisimamisha ku ukuta. Chaki haikuwa, waliandika na pemba, ule udongo mweupe wa mutoni. Njo ubao. Ubao moja kwa muji muzima. Ujumbe unaingia, Odile anaandika, mwenyewe anakuja, anasoma ama anasomewa, anasema "nimepokea", Odile anapangusa, anaandika ya mwengine mahali pale pale.

Na Isidore alikuwa na sheria yake.

"Odile, usipanguse mahali hautaandika."

"Patron, itabaki chafu."

"Ibaki. Kila mara unapangusa, kitambaa inakula rangi. Rangi nitaitosha wapi? Unataka nitembee na miguu mupaka Butembo juu ya uchafu?"

Kwa hiyo Odile akazoea. Ujumbe mufupi, anapangusa kidogo. Ujumbe murefu, anapangusa kubwa. Anapima na jicho, kama mushoni anapima kitambaa ya mutu masikini.

Mwaka wa elfu mbili na mbili, siku moja, asubui, Kalima ilisema. Ilikuwa ujumbe murefu, wa watu ya Alunguli, ngambo ya muto: muzee wao alianguka na homa ya tumbo, alikaa wiki mbili, dawa haikuwa, tulimuzika siku ya ine, mufanye matanga, musikuje, njia ni mubaya. Ujumbe ulishika ubao kutoka juu mupaka chini. Wale watu walivuka, wakasoma, wakalia, wakasema "tumepokea", wakarudi ku mutumbwi.

Mangaribi karibu, Lubutu ikaita. Odile alikuwa na malaria. Mifupa ilimuuma, na tangu jana alikuwa amekula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta na bila chumvi, sababu chumvi nayo ilikuwa hadisi. Akapangusa mistari ya juu, akaandika: *Kwa Sharifa, Mikelenge. Hamisi alianguka mugonjwa hapa Lubutu.* Foni ikakatika. Batri ilikuwa imechoka sawa vile yeye. Akangojea. Hakuna. Akaenda kulala kidogo ku magunia ya muchele, na kitambaa ingali mukononi.

Njo saa ile Abdoul aliingia. Abdoul alikuwa mudogo wa Hamisi bwana ya Sharifa, kijana wa heshima, mwenye kusoma pole pole na kidole. Alikuja kila siku kuuliza habari ya kaka yake. Isidore alikuwa mbele, anabishana na musoda juu ya sigara. Abdoul akasoma mwenyewe, kutoka juu mupaka chini, kama ubao ulivyokuwa:

*Kwa Sharifa, Mikelenge. Hamisi alianguka mugonjwa hapa Lubutu. Tulimuzika siku ya ine. Mufanye matanga. Musikuje, njia ni mubaya.*

Mwandiko ilikuwa ile ile moja, muzuri, imesimama wima. Nani angejua kwamba kichwa ni ya mutu moja na mukia ni ya mwengine?

Odile aliamshwa na kilio. Si ya Abdoul. Abdoul alikuwa amekwisha kukimbia. Ilikuwa kilio ya wanawake, inatoka upande wa Mikelenge, inapita juu ya mabati, nyumba kwa nyumba. Akasimama. Akaangalia ubao. Akaelewa mara moja, mutu asikudanganye kusema hakuelewa. Na kitambaa ilikuwa mukononi.

Akapangusa. Yote. Kona kwa kona, mupaka weusi ikang'aa. Na ile siku Isidore hakusema kitu juu ya rangi.

Alisema tu: "Ukifungua kinywa, wasoda watavunja foni na watakutia mu cachot, kifungoni. Mutoto wako iko na miaka ngapi?"

"Munane."

"Basi."

Odile akasema mu roho yake, nitasema kesho. Kuna watu watakuambia: ilikuwa vita, mama, wakati wa vita mutu anafanya nini? Vita! Vita njo ilishika kitambaa? Kutoka duka ya Isidore mupaka kwa Sharifa ni hatua mia tatu. Mutu mwenye malaria anazitembea. Kesho ikawa kesho kutwa, na kesho kutwa Sharifa alikuwa amekwisha kunyolewa nywele, ameingia eda.

Miezi mine na siku kumi Sharifa alikaa mu chumba moja. Nani alimuletea maji? Odile. Nani alimuletea muhogo, akakaa naye, akamushika mukono? Odile. Alianza juu ya aibu, akaendelea juu ya mapenzi, maana Sharifa alikuwa mutu wa kucheka hata mu shida, na Odile hakuwa na mutu mwengine wa kuchekesha moyo wake. Wakawa kama ndugu. Eda ikakwisha, wazee wa jamaa wakasema Sharifa asibaki pekee mu vita, Abdoul amuchukue. Abdoul alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaitika. Odile alipika muchele ya ile siku.

Na Hamisi akarudi. Bunduki zilipotulia kidogo, mwaka uliofuata, akasukuma kinga kutoka Lubutu, mukonda kama fimbo, na muguu moja unaburuta. Akaingia mu lupango, mu kiwanja ya nyumba yake. Sharifa alikuwa anatwanga, na tumbo ya miezi mitano mbele yake.

"Nani aliwaambia nimekufa?" Hamisi akauliza. Hakupaza sauti.

Watu wote wakageuka ku Abdoul.

"Kaka, nilisoma ku ubao! Wallahi nilisoma!"

Wakaenda wote ku foni, kundi nzima. Ubao ulikuwa pale na ujumbe ya mutu wa Kibombo juu ya mbuzi. Wakamuuliza Odile: ulipokea ujumbe ya kifo ya Hamisi?

Odile akaangalia pemba mu vidole vyake. "Mimi sikumbuki," akasema. "Ujumbe ni mingi. Inapanguswa."

Hamisi akaomba maji, akakunywa akiwa amesimama, akageuza kinga. Alioa kule Lubutu. Hakurudi tena hata siku moja. Sharifa akatupa vitu ya Abdoul inje: musala, viatu, sufuria. "Mwongo! Ulinitamani, ukamuzika kaka yako na kinywa!" Abdoul akaenda kukaa mu kijumba nyuma ya musikiti, akashona viatu ya watu. Watoto wakamupa jina: Soma-Ubao. "Ee Soma-Ubao, leo nani amekufa?" Wale watoto wakakomaa, wakazaa, na watoto wao wakamuita vile vile. Yeye hakuinua kichwa. Aliuma uzi, akaendelea kushona.

Miaka zaidi ya makumi mbili ilipita. Telefone ziliingia, foni ikakufa, Isidore akarudia kwao na fedha zake na sala zake. Odile aliuzisha muchele, aliuzisha mawese, mugongo ilimuuma, na Gentille, yule mutoto wa miaka munane, akasoma ordinatere, kompyuta, mupaka akamaliza. Leo Gentille iko na nyumba ndogo ya kuandikishia, karibu na pale duka ya Isidore ilikuwa: mashini moja, emprimante moja ya kuchapa, na bamba ya jua juu ya bati. Watu wanakuja kuandikisha barua, na zaidi komunike, matangazo ya redio: ya matanga, ya ndoa, ya mutoto amepotea. Odile anakaa ku mulango, anapokea watu, anasinzia.

Gentille alijitengenezea programe yake. Mutu anasema, Gentille anaandika, programe inaweka maneno mu fishie ya muda, yaani fasi ya kushikilia maneno kidogo tu, kisha emprimante inaitosha ku karatasi. Lakini kila mutu alipewa fishie yake mupya, na hakuna ya kuitupa. Zikajaa. Mashini ikaanza kwenda kama mwanamuke wa mimba ya miezi tisa mu mulima, kisha siku moja ikasimama kabisa, watu kumi wanangojea ku mulango.

"Fishie elfu makumi ine na moja, mama," Gentille akasema, kichwa mu mikono. "Za watu wamekwisha kwenda zamani."

"Elfu makumi ine juu ya nini? Sisi tulikuwa na ubao moja, na muji muzima ulipita."

Gentille akainua kichwa. Ile neno ilimuingia. Akafuta zote, akatengeneza programe upya: fishie moja tu, ile ile, kila mutu anaandikwa mahali ya mwenzake. Mashini ikapona. Ikakimbia. Gentille akanunulia mama yake sukari, na Odile akakunywa chai tamu na moyo muchungu, bila kujua bado kwa nini.

Kesho yake, Sharifa akaja, amevaa kikwembe ya kutokea. Fifi alikuwa anaolewa. Fifi njo ile mimba ya miezi mitano, binti ya Abdoul, mwalimu sasa.

"Gentille, mwanangu, andika. Iwe mufupi, redio inakata mutu maneno. Mama Sharifa wa Mikelenge anajulisha jamaa yote ya Kalima na Kibombo kwamba ndoa ya binti yake Fifi ni siku ya ijumaa. Karibuni wote."

"Wote, mama Fifi?" Gentille akauliza, na kicheko kidogo. "Hata yule wa nyuma ya musikiti?"

"Yule? Yule akisikia mu redio, asikie. Akitia muguu mu lupango yangu, nitamumwagia maji ya muchele. Binti alinililia jana: mama, baba akae hata ku kona. Nikamuambia, baba yako alikuzaa juu ya uongo, basi."

Odile, ku mulango, akajifanya kusinzia.

Karatasi ikatoka. Sharifa akaishika mbali na macho, akasoma kwa sauti, maana alikuwa na furaha: "...ni siku ya ijumaa. Karibuni wote. Mwili utatoka ku hospitali saa ine. Kila mutu ajibebee kiti."

Akashusha karatasi.

"Gentille," Sharifa akasema. "Ulisoma hii miaka yote juu ya kuja kuzika mutoto wangu?"

"Mama Fifi, sikuandika ile! Nisamehe, mama, ngoja..."

"Usiniguse! Ni ishara mubaya. Mara ya pili! Mara ya pili wananizikia mutu muzima!" Akatupa karatasi, akaenda, sandali moja karibu imubakie mu mulango.

Odile aliokota karatasi. Hakuhitaji kuisoma mara mbili.

Gentille alitafuta kosa mupaka macho ikawa nyekundu. "Sioni, mama. Maneno yake niliandika sawa. Ile ingine inatoka wapi?"

Odile angenyamaza. Alikuwa na mazoezi. Lakini aliangalia shingo ya binti yake imeinama, na uchovu ya miaka yote ikamushukia mara moja.

"Mbele yake nani alikuja?"

"Watu ya matanga."

"Ujumbe yao ilikuwa ndefu?"

"Ndefu sana."

"Ya Sharifa ilikuwa fupi. Basi, haukupangusa yote. Mashini yako imepangusa fasi ya kuandika tu, mukia ya wale ikabaki chini. Pangusa yote mbele ya kuandika."

Gentille akafungua programe, akaangalia, akasema "Ee Mungu" pole pole. Ilikuwa kweli. Akarekebisha, mustari moja tu. Kisha akasema: "Na nitaongeza nyingine, ikikwisha kutoka ku karatasi, inafutika mara moja."

"Hapana!" Odile akapiga kelele, mupaka mutu wa inje akachungulia. "Usifute kisha. Iache pale mupaka mwengine akuje. Kukitokea tatizo, mutu aweze kurudia kuona ilikuwa imeandikwa nini."

Gentille akageuza kiti. Alimuangalia mama yake murefu.

"Mama, wewe haujui hata kuwasha hii kitu. Ulijua je?"

Odile alichezea kona ya kikwembe.

"Ile ubao," Gentille akasema. "Baba Abdoul alisema kweli? Alisoma kweli?"

"Alisoma."

"Na nani alipangusa?"

Emprimante ilikuwa inaunguruma peke yake. Odile akaficha vidole vyake mu kikwembe.

"Ndoa ni ijumaa, mama," Gentille akasema. Hakulia, hakugomba. "Leo ni siku ya tatu, imebaki siku mbili. Mimi sitaenda kusema mahali yako. Lakini na pilau ya ile ndoa sitakula."

Asubui Odile akaenda. Zile hatua mia tatu. Sharifa alikuwa anachagua muchele ku lungo, na wanawake wawili wa jirani.

"Mama Gentille! Kaa. Binti yako amepona na ule wazimu?"

"Mama Fifi, Abdoul hakudanganya."

Mikono ya Sharifa ikasimama mu muchele. Odile akasema yote, bila kukaa: Kalima, Lubutu, malaria, mistari ya juu, mistari ya chini, kitambaa. Alisema hata "sikumbuki". Jirani moja akashika kinywa. Sharifa hakushika kitu.

"Ulijua siku gani?" akauliza.

"Ile siku ile."

"Mbele ya kuninyoa?"

"Mbele."

"Na ulikuja kuniletea maji."

"Ndiyo."

"Miezi mine na siku kumi. Ulikaa pale," Sharifa akaonyesha na kidevu, "ukanishika mukono. Na neno ilikuwa mu kinywa yako." Akaweka lungo chini. "Haya, Odile. Twende." Hakumuita tena mama Gentille.

Wakatembea mupaka nyuma ya musikiti, Sharifa mbele. Abdoul alikuwa na kiatu ya mutoto juu ya goti. Alipomuona Sharifa akasimama haraka, kiatu ikaanguka.

"Sema," Sharifa akaamuru. "Kwa sauti. Wale wa musikiti wasikie."

Odile akasema tena. Mara hii sauti ilimukatikia katikati, akaanza upya. Watu walitoka. Watoto wa "Soma-Ubao" walisimama ku kona, kimya. Abdoul alisikiliza mupaka mwisho, na sindano mukononi.

"Mama Gentille," akauliza, na bado alimupa heshima, "ile ya Lubutu, ya kweli. Ilisema nini?"

"Hamisi alianguka mugonjwa hapa Lubutu."

"Na kisha?"

"Foni ilikatika. Ni ile tu."

"Mugonjwa tu?" Abdoul akakaa chini pole pole, kama mutu anatua muzigo na hajui tena kunyoosha mugongo. "Basi ningeenda kumuchukua. Nilikuwa na kinga, na miguu. Ni siku sita, saba. Ningemubeba."

Akasema vile mara tatu. Ningemubeba. Sharifa alifunika uso na kitenge. Kisha akainama, akaokota kile kiatu ya mutoto, akaipanguza vumbi, akamuwekea ku goti.

"Ijumaa, baba Fifi," akasema. "Utakaa mbele. Vaa kanzu."

Sharifa akageuka kurudi. Alimupita Odile kama mutu anapita muti.

Ijumaa Abdoul alikaa mbele na kanzu ya kuazima, ndefu sana, Fifi amemushika mukono. Gentille alienda, alikula. Odile hakualikwa. Alibaki ku mulango wa nyumba ya kuandikishia, mashini imezimwa, ngoma inafika mupaka pale. Muchana Gentille alimuletea sahani imefunikwa.

"Ni Sharifa alituma?"

"Hapana, mama. Nilibeba mwenyewe."

Odile alifunua, akaangalia, akafunika.

Anakaa pale mupaka leo. Kila karatasi inatoka ku emprimante inapita kwanza mu mikono yake. Anaisoma na kidole, kutoka juu mupaka chini, watu wanangojea na kununa. Sharifa akiwa na komunike, anaenda kuandikisha ngambo ya muto, bei ni juu na mashini ni mubaya. Hamisi walimutumia habari Lubutu. Alijibu kwamba amesikia. Wengine wanasema Odile alisema kweli mwishoni, asamehewe. Mwishoni! Abdoul alikuwa kijana wa miaka makumi mbili na sita wakati ubao ulipanguswa. Sasa hana meno ya kuuma uzi, anaikata na kisu.